Alama Nyekundu Haikufika Kakesio

Ndugu zangu, jina la Mungu litukuzwe humu ndani, kuanzia hapa mbele kwa wazee wa kanisa mpaka kule mlangoni, waliposimama wale waliokuja kusikia tu huyu wa Pune ataringa nini leo. Karibuni. Nitaringa kidogo, halafu nitawaambia jambo ambalo mpaka sasa linaniogopesha. Mchungaji ameniomba nisitaje majina ya watu, nami sitataja.

Wengi mnanifahamu. Kwetu ni Buger. Sikusomeshwa na mjomba wala na mfadhili. Nimeosha magari ya watalii hapa Karatu, nimebeba mabegi ya wageni, nimelala kwenye stoo ya gesti juu ya magunia, mpaka nikapata cha kunipeleka India. Nikasoma Pune. Nikarudi na diploma ya kompyuta, na nimeitundika ukutani mahali ambapo kila anayeingia ofisini lazima aisome kabla sijamkaribisha kiti. Mnacheka. Chekeni, lakini niambieni ni nani mwingine kwenye barabara yetu hii alikuwa na chumba cha intaneti wakati ule ambapo watu walidhani intaneti ni jina la hoteli mpya.

Basi shirika moja la afya vijijini likasikia habari zangu. Lilikuwa na wahudumu wa afya wa vijiji, watu wa kawaida, mama na baba wa boma au wa shamba, waliosoma shule ya msingi, wanaofundishwa kumsaidia mgonjwa kabla hajafika zahanati. Walikuwepo huku kwetu Buger, walikuwepo upande wa Wasso, na walikuwepo Kakesio kwa wafugaji. Kuwaita wote Karatu darasani ilikuwa shida, kwa hiyo shirika likataka masomo yawekwe kwenye intaneti, na wahudumu wayasome kwenye kompyuta za zahanati. Wakanitafuta mimi. Wangemtafuta nani?

Nikafanya kazi nzuri. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa najisifu. Nilizunguka vijijini nikawauliza watu: mtu akiumwa na nyoka huwa mnafanyaje? Mtoto akiharisha? Mama akitokwa na damu? Wakaniambia. Yale ya hatari niliyoyasikia nikayaandika kwa maneno yao wenyewe katika ukurasa wa kwanza wa kila somo, na juu yake nikachora alama kubwa nyekundu ya kosa. Ukurasa wa pili ulikuwa na alama ya kijani ya vema, na chini yake mambo yanayotakiwa. Juu ya ukurasa wa kwanza palisomeka USIFANYE HAYA, na juu ya ule wa pili FANYA HAYA. Ila maneno hayo mawili, ndugu zangu, sikuyapiga chapa kama maandishi mengine. Niliyachora. Yalikuwa sehemu ya picha, yana kivuli, yanang'aa kama bango la hoteli ya watalii. Watu wa shirika walipoyaona walisimama wakanipigia makofi.

Baadaye zikaja kompyuta mpya zenye programu mpya za kufungulia kurasa, na masomo yangu yakafunguka yamepinda, maandishi yamepanda juu ya picha. Nikayanyoosha moja baada ya jingine. Nikajiona nimeshindana na teknolojia nikashinda. Kumbe ilikuwa inanisalimia tu.

Minara ya simu ikaanza kusimama. Kompyuta za zahanati zikaanza kufa kwa vumbi na kwa betri za sola zilizochoka. Siku moja mkuu wa shirika hapa Karatu, mama wa Kichaga asiyependa maneno marefu, akaniita.

"Mwalimu, wahudumu wako karibu wote wana simu sasa. Masomo yaende kwenye simu."

"Mama, simu zao ni zile ndogo. Kioo cheusi na kijivu. Hazifungui intaneti."

"Zinapokea meseji?"

"Zinapokea."

"Basi."

"Na picha zangu je, mama?"

"Mwalimu, tunafundisha afya au tumefungua studio?"

Shirika lilikuwa limepata programu ambayo unaipa ukurasa wa intaneti, nayo inachukua maandishi, inayakata vipande vya meseji, inayatuma kwenye simu za wanafunzi wote kwa mpigo. Nikaipa masomo yangu ikayameza. Meseji zilipofika kwenye simu yangu nikazisoma, nikaona ziko sawa. Kwa nini nisizione sawa? Mimi alama nyekundu nilikuwa nayo kichwani.

Kakesio nilikuwa na mwanafunzi mpya, mama wa Kimaasai, mke mdogo katika boma la mzee mmoja wa kule. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amesoma katika boma lile. Alianza masomo baada ya simu kuingia, hakuwahi kuona kurasa zangu kwenye kompyuta hata siku moja. Kule mtandao haukufika bomani. Kulikuwa na kilima, na juu ya kilima kulikuwa na jiwe, na ukikaa kwenye jiwe hilo ukainua simu upande wa mashariki, meseji zinaingia. Alikuwa akipanda pale kuchukua somo, halafu anashuka na kulisoma kwa sauti mbele ya boma zima, sentensi moja Kiswahili, sentensi moja Kimaasai. Mimi niliandika masomo kwa ajili ya mtu mmoja anayetazama kioo. Kule yalisikilizwa na kundi la watu wasioona kitu.

Baada ya somo la nyoka akanipigia. "Mwalimu, somo hili limependwa kuliko yote. Wazee wamefurahi sana. Wanasema safari hii shule imesema kweli. Watu wa maboma ya jirani nao wamekuja kuomba niwasomee."

Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilitembea barabara ya Karatu kama mtu aliyepewa ng'ombe. Nikaingia kwenye mgahawa ambapo madereva na waongoza watalii hunywa chai, nikawatangazia kwamba wazee wa Kimaasai wanaisifu kazi yangu. Sikujiuliza swali moja dogo: somo linalowakataza watu mambo waliyoyazoea, limewafurahishaje?

Asubuhi moja nilikuwa kwenye mgahawa huohuo, chai iko mezani, simu ikalia kwa ule mlio wake wa mbuzi.

"Profesa wa Pune," mwongoza watalii mmoja akasema, "hebu mnyamazishe huyo mbuzi wako."

Nikapokea. Alikuwa yule mama wa Kakesio. Sauti yake ilikuwa inakuja na kupotea kwa upepo wa kilimani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za Kakesio?"

Mnajua desturi ya wenzetu. Habari huanza na uzima, hata kama nyumba inaungua. "Kakesio ni wazima," akasema. "Mzee mzima. Ng'ombe wazima, mbuzi wazima. Mvua bado. Watoto wazima. Ila mtoto mmoja ameumwa na nyoka."

Nikaweka kikombe chini. "Mtoto gani?"

"Binti wa mke mwenzangu. Mguuni. Ni kifutu, wamemuua. Lakini usiwe na wasiwasi, mwalimu, tunafuata somo lako. Namba moja tumemaliza, tumefunga kamba. Sasa tuko namba mbili. Wembe ninao. Mama yake amesema nikuulize kwanza: tukate urefu gani?"

Nilidhani sikusikia. "Mkate nini, mama?"

"Jeraha. Namba mbili, kukata jeraha kwa wembe. Ni maneno yako, mwalimu. Urefu gani, na tukate kwenda chini au kukatisha?"

Nikavuta pumzi ili nijibu, na simu ikakatika.

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikafungua meseji kwenye simu yangu, nikalitafuta somo la nyoka, na kwa mara ya kwanza nikalisoma kama mtu wa Kakesio. Nitawasomea kama lilivyokuwa, maana nimelihifadhi: "Kuumwa na nyoka. Moja, kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha. Mbili, kukata jeraha kwa wembe. Tatu, kunyonya sumu kwa mdomo. Nne, kumlaza na kumtuliza. Tano, kumvua bangili. Sita, kumpeleka zahanati bila kuchelewa."

Basi. Hakuna nyekundu, hakuna kijani. Programu ilichukua maandishi ikaziacha picha, na USIFANYE HAYA ilikuwa picha. Kurasa mbili zilikuwa zimeungana zikawa orodha moja iliyonyooka, inayosomeka vizuri kabisa, na mwisho wa meseji limeandikwa jina la shirika. Mambo matatu ya kumwangamiza mtoto yalitangulia, yakafuatwa na matatu ya kumsaidia. Na yale matatu ya kwanza ndiyo waliyokuwa wakiyafanya tangu enzi za babu zao. Ndiyo maana wazee walifurahi. Walisikia kwamba wasomi hatimaye wamekubali.

Yule mwongoza watalii alikuwa ananitazama. "Kaka, vipi? Kuna msiba?"

Nilitoka mbio, na mimi si mtu wa kukimbia barabarani, mnajua navyovaa.

Ofisini nilimkuta yule mama mkuu wetu. Nilipomwambia hakuuliza kwa nini wala ni nani. Aliinua mkono wa redio ya upepo akaita zahanati ya Kakesio. Kelele tu. Akaita tena. Tukasikia sauti ya mlinzi kwa mbali akisema muuguzi ametoka kwenda kuchanja watoto, halafu kelele zikammeza. Akamwita dereva akamwambia aweke mafuta. Kisha akanigeukia.

"Mwandikie."

"Simu yake haipatikani, mama."

"Atakipanda tena kile kilima au hatakipanda, hatujui. Akikipanda, akute nini? Mwandikie."

Nikaandika. Vidole vilikuwa vinateleza kwenye vitufe. Nikaandika: "Mpendwa mwanafunzi, tunasikitika kukujulisha kuwa kumetokea hitilafu ya kiufundi katika mpangilio wa somo..."

Mama akanipokonya simu. Akasoma. "Akifika kwenye neno hitilafu mtoto ameshakatwa. Futa."

Nikafuta. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipokwama. Miaka yote ile ya Pune, kurasa zote zile nilizochora, na sasa nina nafasi ndogo kama ganda la kiberiti, sina rangi, sina picha, sina hata uhakika kwamba atasoma meseji yote kabla mtandao haujakatika. Nikawaza: lipi litangulie? Kama akiona neno moja tu, liwe neno gani?

Nikaandika hivi: "USIMKATE. USIMNYONYE SUMU. USIIKAZE KAMBA. Mlaze. Mguu usitikisike. Mvue bangili za mguu. Gari linakuja."

Nikatuma. Simu yangu ilikuwa na kile kitu cha kukuonyesha kama meseji imefika. Haikuonyesha.

Tukapanda gari. Nilikuwa nimeshika simu mkononi kama mtu aliyebeba yai. Pale getini pa hifadhi ya wanyama askari alitaka kunitania kama kawaida yake, akaniangalia usoni, akafungua. Tukaanza kupanda msitu kuelekea ukingo wa bonde. Ukungu ulikuwa mzito, dereva ametoa kichwa dirishani ili aone njia, nami namwambia ongeza mwendo, ongeza mwendo, na yeye ananijibu kwa Kiiraqw chetu kwamba tukianguka bondeni tutamsaidia mtoto tukiwa wapi.

Nikajaribu kusali. Nisikieni, maana hili linachekesha na halichekeshi. Nilifumba macho, na nikajikuta namweleza Mungu sifa zangu. Namwambia Bwana, mimi nilisoma kwa shida, Bwana, mimi ni wa kwanza Buger, Bwana, masomo yangu yalipigiwa makofi. Kama vile naomba kazi. Kisha maneno yakaisha. Nikabaki nikisema asimkate, asimkate, asimkate, na hiyo ndiyo sala niliyosali mpaka juu.

Pale juu ukingoni, ambapo wageni husimama kupiga picha, simu ikalia mlio mfupi. Dereva akakanyaga breki.

"Imefika?"

"Imefika."

"Mungu mkubwa! Sasa unalia nini, mwalimu?"

"Sijui imefika kabla au baada."

Aliondoa gari. Kuanzia hapo hakukuwa na mtandao. Mnaijua njia ile, inashuka, inakuwa vumbi, inakuwa mawe, halafu inakuwa nyayo za ng'ombe tu. Saa zote zile nilikuwa na picha mbili kichwani zinazobadilishana. Katika moja yule mama ameketi juu ya jiwe, anasoma meseji. Katika nyingine jiwe ni tupu, simu imeachwa juu yake, na chini bomani mtoto anapiga kelele. Tulipita twiga, tulipita wachungaji waliotupungia mkono, sikuona kitu. Nilikuwa nawaza pia maboma ya jirani. Walikuja kusomewa. Walikwenda na somo langu kwao. Nani mwingine ameumwa leo mahali nisipopajua, na nani mwingine ameshika wembe?

Tulipofika watu walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba, na walikuwa kimya. Nilishuka. Kimya cha namna ile nakijua, ni cha watu wanaosubiri mtu afe au wanaosubiri gari, na kwa nje havitofautiani. Nikatazama chini nikitafuta damu.

Mke mkubwa alikuwa ameketi na kichwa cha binti yake mapajani. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, umekuwa wa rangi ya bilinganya, na utepe wa shuka, ndiyo ile kamba yao, umezungushwa juu yake. Bangili zilikuwa zimevuliwa, zimelala kwenye mchanga. Ngozi ilikuwa nzima. Hapakuwa na mkato.

Yule binti aliponiona alijivuta kidogo, akainamisha kichwa. Watoto wao humsalimu mkubwa hivyo, ili amguse utosini. Katika maumivu yale alikumbuka adabu. Nikamgusa. Utosi ulikuwa wa moto.

Mwanafunzi wangu alikuja akasimama mbele yangu, wembe bado umekunjwa ndani ya karatasi yake mkononi.

"Mwalimu, simu ilikatika."

"Ilikatika, mama. Ukafanya nini?"

"Nikakaa. Ulikuwa hujajibu. Kwetu habari haiachwi katikati. Nikasema mwalimu atatafuta njia ya kumalizia."

Niligundua baadaye kwamba haikuwa rahisi kama alivyoisema. Watu walikuwa wanamwita kutoka chini, shuka, mtoto anavimba. Mzee mmoja alisema kwa hasira: "Somo limesema kata, na sisi tulijua hivyo kabla yenu ninyi wa shule. Mnangoja nini?" Akataka kuleta kisu chake mwenyewe. Mke mkubwa akamlalia mtoto juu ya mguu, akasema, "Huyu ni wangu. Hakuna atakayemkata mpaka mwenzangu ashuke na jibu." Wake wenza wawili, ambao niliambiwa hawakuwa wakiombana hata chumvi. Mmoja alikaa juu ya jiwe juani, ameinua simu upande wa mashariki mpaka mkono ukafa ganzi. Mwingine alilala juu ya mguu wa binti yake chini. Hawakuwa wakionana. Na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake.

Meseji ilipoingia alishuka akiisoma kwa sauti tangu juu ya kilima, neno la kwanza kabla ya miguu yake kufika bondeni. Usimkate. Alilisema Kiswahili, akalisema Kimaasai, na yule mzee akaketi chini.

Tulimbeba mtoto mpaka hospitali ya misheni. Kamba haikuguswa njiani, maana ikifunguliwa ghafla sumu hukimbia mwilini. Daktari ndiye aliyeifungua, polepole, na dawa ikiwa tayari. Binti yule aliugua sana. Ngozi ya mguu ilitoka, ikaota upya. Kwa majuma mengi nilikuwa nikisikia simu inalia naogopa kuipokea. Lakini aliishi. Leo anachunga mbuzi, ana kovu, na akinicheka ananicheka kwa nguvu.

Mtu angesema ushuhuda umeishia hapo. Kwangu mimi hofu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Ukikosea kwenye ukurasa wa intaneti unaurekebisha, na kila anayeufungua anakuta mpya. Lakini somo lile lilikuwa limeshatoka kwenye simu. Lilikuwa limeingia masikioni, limetembea boma hadi boma, na lilikuwa tamu kwa sababu lilikubaliana na mazoea. Nilituma meseji ya kusahihisha kwa wanafunzi wote. Wakaipokea. Lakini wale waliosikia kwa jirani wa jirani, ningewatumia kwenye simu ipi?

Mwanafunzi wangu ndiye aliyesema twende mnadani siku ya kuuza ng'ombe. Hatukwenda na spika wala mabango. Tulikwenda na mke mkubwa. Kila aliyekutana naye alimsalimu, na kila aliyemsalimu aliulizwa na kupewa habari kama desturi ilivyo: sisi wazima, ng'ombe wazima, ila mtoto wangu aliumwa na nyoka, na wembe ulikuwa mkononi, na walisema kata, na shule ilituma neno usikate, na mtoto yuko hai, nendeni mkamwone. Aliisimulia tangu asubuhi mpaka sauti ikakauka. Mimi nilisimama nyuma yake na diploma yangu, na watu walikuwa wananiuliza kama mimi ndiye dereva. Muda si mrefu, nilipokwenda Wasso kwa kazi nyingine, mama mmoja asiyenijua alinisimulia habari ile ile, na akanionya nisije nikamkata mtu aliyeumwa na nyoka. Nikamwambia asante, mama, nitakumbuka.

Kisha nikayaandika upya masomo yote. Yote, ndugu zangu. Kila sentensi nikaiuliza: wewe ukifika peke yako, wenzako wote wamepotea njiani, utaua au utaponya? Iliyoshindwa kujibu nikaifuta. Siku hizi silipeleki somo popote kabla halijasomwa kwa sauti, kwenye simu mbovu kuliko zote, mbele ya mtu ambaye hajawahi kuniona wala kuona mchoro wangu, kisha yeye anieleze amesikia nini. Na niseme ukweli, kwa kazi hiyo hakuna wa kunishinda kutoka hapa mpaka Arusha. Hilo nalo naliringia.

Namshukuru Mungu aliyeitikia sala ya neno moja. Nawashukuru wale wake wenza wawili wa Kakesio. Hawako hapa leo, lakini niliwaambia nitawataja bila kuwataja. Namshukuru mama yetu wa ofisini aliyenipokonya simu. Namshukuru dereva, ambaye yuko pale benchi la tatu na anajifanya hanisikii. Kama kuna jambo la kwenda nalo nyumbani, ni hili: unayemfundisha kwa mbali haoni uso wako, hasikii unavyokaza sauti, haoni rangi uliyoipenda. Ana maneno yaliyomfikia tu. Mpe maneno yanayoweza kusimama yenyewe. Hata ninyi mnaowapigia watoto wenu simu Dar es Salaam, hata wewe mchungaji.

Sasa zimeanza kuingia simu mpya, zina rangi, zina picha, zinafungua intaneti mkononi. Vijana wa ofisini wameniambia, mwalimu, turudishe michoro yako, turudishe alama nyekundu. Nimefurahi sana, na usiku huohuo usingizi ukanikataa. Maana najua zikija hizi zitakuja nyingine, na kila moja itachukua kitu changu na kuacha kingine njiani, na mimi sitakuwa kwenye kilima kuona kilichoachwa.

Wengi wakisimama hapa huomba waombewe hofu iwatoke. Mimi nawaomba mniombee kinyume chake. Mniombee kwamba kila siku kidole changu kikigusa kitufe cha kutuma, kitetemeke.